Maharagwe na Maji ya Chumvi

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Kware. Nimelelewa ghorofa ya tano, katika nyumba ya kupanga ambayo dirisha lake liko karibu mno na la jirani, hata tungeweza kupeana kiberiti bila kutoka nje. Shamba letu lilikuwa makopo mawili ya dania. Kwa hiyo nilipopata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, upande wa pili wa jiji, wenzangu walishangaa. Tulikuwa wanafunzi sita kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na wale watano wote walikuwa wamekulia shambani. Siku ya kwanza mmoja wao, mwanamume mcheshi kutoka Malawi, aliniuliza kama nimewahi kushika jembe.

"Bado," nikamjibu. "Lakini maharagwe nayajua kukuzidi."

Sikuwa najisifu. Mama yangu huuza githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kibandani, kando ya njia wanayopita vibarua wa viwanda vya Industrial Area. Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nikikaa naye Jumamosi, tukichambua maharagwe kwenye ungo na kutoa mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Mimi niliyatambua maharagwe kama watu wengine wanavyozitambua sura za jamaa zao.

Kituo kilikuwa kinatafuta aina za maharagwe zinazoiva haraka, ili mpishi asimalize makaa. Msimamizi wangu alikuwa mtafiti kutoka Tanzania, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti lakini asiyesamehe kipimo kibovu. Alinikabidhi aina nane. Maabara ilikuwa na kifaa chenye vijiti vizito vya chuma, na kila kijiti kilikalia haragwe moja ndani ya maji yanayochemka. Haragwe likilainika, kijiti hupenya na kushuka, nawe unaandika dakika. Nilirudia kazi hiyo wiki baada ya wiki. Aina moja, nyeupe yenye michirizi ya zambarau, ilizishinda zote kwa mbali.

"Safi sana, binti," msimamizi aliniambia. "Hii tutaipeleka kwa wakulima."

Nilimwomba kilo chache nikapike kibandani kwa mama, naye akakubali. Nilitaka mama aone kwa macho yake kile ninachofanya huko kila siku.

Mama aliyashika yale maharagwe, akayasugua kwa kidole gumba, akauma moja. "Mliyapika na maji gani?"

"Maji ya maabara."

Akanirudishia. "Haya, bandika."

Nikabandika kesho yake asubuhi mapema, na nikawa naringa. Niliwatangazia wateja wa kwanza kwamba leo wataonja maharagwe ya kisayansi. Saa saba vibarua walipofika, mahindi yalikuwa tayari, lakini maharagwe yalikuwa bado yanagongana na mwiko. Mteja mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma anayekula hapo kila siku, alitafuna mara mbili akaacha.

"Niaje, Profesa," akasema. "Leo tunakula kokoto?"

Benchi zima likacheka. Mmoja mmoja wakainuka, wakaenda kibanda cha pili kula chapati na ndengu. Nilitamani nijifunike kwa ile sufuria. Mama hakunigombeza. Alifunika chakula, akaketi kando yangu.

"Maji ya huku ni ya chumvi, mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita. "Si kila haragwe linayaweza. Hata yale ya madoadoa niliacha kununua zamani kwa sababu hiyo."

Niliinama nikatazama ndani ya birika lake la chai. Chini kulikuwa na ukoko mweupe mgumu, ule ambao nimeukwangua tangu utotoni bila kujiuliza ni kitu gani. Maji yetu huletwa kwa mitungi kutoka kisima kilichochimbwa kwa mashine, na ukoko ule ulikuwa madini yake, ndiyo chumvi aliyoisema mama. Maji ya maabara husafishwa hadi hayabaki na kitu. Miezi yote ile nilikuwa nimepima maharagwe kwa maji ambayo hakuna mtu Kware anayeyapikia.

Jumatatu nilimweleza msimamizi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kibandani moto haupimiki," akasema. "Huo ni mkasa, si matokeo."

"Ni kweli, Daktari. Basi niruhusu nilete maji yenyewe maabara."

Alizungusha kalamu mezani. "Yalete. Ila upime upya aina zote nane, si hiyo moja uliyoikasirikia."

Nikachukua maji kwa mama, nikachukua kwa muuza maji wa mtaa wa Mathare, na mengine kwenye karakana moja huko Industrial Area. Mlinzi wa lango la kituo aliponiona na chupa zangu aliniuliza, "Dada, kwani hapa kuna ukame?" Nilicheka, nikapita.

Matokeo yalipindua jedwali langu. Yule bingwa wa michirizi alishuka karibu na mkia. Aina moja nyekundu, ndogo, isiyo na mvuto wowote, iliyokuwa ya nne hapo mwanzo, haikubadilika sana kwa maji yoyote. Nilirudia mara tatu kabla ya kumwonyesha mtu.

Msimamizi aliposoma, alivua miwani. "Nipeleke kwa mama yako."

Akaja Kware. Aliketi kwenye benchi pamoja na vibarua, akala sahani nzima ya githeri ya yale mekundu, akaongezewa. Kisha akamuuliza mama, "Dada yangu, wewe ulijuaje?"

"Mimi hupika kila siku," mama akamjibu. "Nyinyi hupika mara moja, halafu mnaandika."

Nilidhani msimamizi atakasirika. Alitoa daftari akaliandika neno lile.

Nilipowasilisha utafiti wangu mbele ya wanasayansi wa kituo, mmoja alinibana kuhusu sababu ya tofauti hiyo. Nilimweleza kwamba chokaa iliyomo kwenye maji hushikana na kuta za haragwe na kuzikaza, na kwamba aina hutofautiana kwa kadiri zinavyoathirika. Mwenzangu wa Malawi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Tangu siku hiyo, kituo hupima kila aina mpya kwa maji laini ya maabara na kwa maji ya chumvi pia.

Sasa mimi ndiye ninayewapokea wanafunzi wapya maabara. Kabla hawajagusa kifaa chochote, huwatuma wakakae siku moja na mtu anayepika kuuza, wasiandike kitu hadi jioni. Wengine hunung'unika. Wengi hurudi na maswali mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Mwezi uliopita mmoja wao, msichana kutoka Ethiopia ambaye hana hata miezi miwili hapa, alinijia na jedwali langu la zamani mkononi. Alisema safu moja ina kosa. Tukaketi, tukaipitia mstari kwa mstari. Alikuwa sahihi. Nilimwambia alisahihishe, na chini yake aweke jina lake.