Joka Katika Mkutano wa Kijiji

Joka lile lilipaswa kuuawa Jumamosi ya kwanza. Kitabu kilisema hivyo, ukurasa wa kumi na mbili, na mimi ni mtu ninayeheshimu kitabu. Jumamosi ya sita lilikuwa bado hai, limeketi pembeni ya mkutano wa kijiji, likisubiri ajenda ya mengineyo.

Nianze vizuri. Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Kasulu. Mzungu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa akifundisha hesabu, alipomaliza muda wake aliniachia kitabu kinene chenye ramani na kifuko cha dadu zenye pande nyingi. Ulikuwa mchezo wa mezani. Mmoja anaongoza na kusoma habari za nchi ya kubuni. Wengine kila mmoja anakuwa mtu wa nchi hiyo, anasema atafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Nchi yenyewe ilikuwa imeshatengenezwa: wafalme, milima, theluji, sheria, hata bei ya farasi. Hicho ndicho kilichonivutia. Mimi si mtunzi. Nikiingia darasani bila andalio la somo natokwa jasho.

Wachezaji walikuwa watatu, nami kiongozi. Tulikutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitenge. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Tanga, mtaratibu, mpenda barua. Wa pili alikuwa nesi aliyehamishwa kutoka Kibondo, mama mwenye sauti ya kuamuru wodi nzima. Wa tatu alikuwa fundi cherehani, dada wa miaka thelathini hivi. Wazazi wake walikimbia Burundi zamani; yeye alizaliwa hapahapa Kasulu na hajawahi kuvuka mpaka pale Manyovu hata kununua sabuni. Alikuwa ameomba uraia, akawa anasubiri jibu. Mwaka ule kulikuwa na msako wa wahamiaji, watu wakirudishwa mpakani, na fundi alishona huku akitega sikio barabarani. Alituambia wazi kwamba anakuja kwenye mchezo ili kichwa chake kipumzike.

Siku ya kugawana wahusika alichelewa, maana alikuwa amekwenda ofisini kuulizia fomu zake. Akakuta amebaki mhusika mmoja tu, mwanamke mpiga mishale kutoka ng'ambo ya mto, nje kidogo ya mpaka wa ramani. Akamchukua bila kulalamika.

Sasa yasikie mateso yangu. Kitabu kinasema mashujaa wanafika kijijini, wanaambiwa joka linachoma nyumba, wanapanda mlimani. Nesi akagoma.

"Mwalimu, tunaingiaje kwenye kijiji cha watu na silaha mkononi bila kuripoti kwa mtendaji?"

"Hakuna mtendaji, mama."

"Kijiji gani hicho hakina mtendaji?"

Nikaweka mtendaji. Kisha zikaja salamu. Huku kwa Waha mtu hasalimiwi juujuu. Unasimama, unapiga makofi taratibu, unasema mwidiwe, unaulizia nyumbani, watoto, mifugo, na mwenzako naye anarudia yote kwako. Walimsalimia mhunzi wa kijiji Jumamosi nzima, na mhunzi nilikuwa mimi. Ilinibidi nibuni watoto saba na ng'ombe mgonjwa. Nesi akamtibu ng'ombe. Kitabu kizima hakikuwa na neno lolote kuhusu ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata wakataka kujua wanakijiji wanakula nini. Nikasoma: mkate na jibini.

"Mkate na jibini," alisema nesi, "halafu unashangaa wameshindwa na joka."

Mwenye duka akauliza kama joka limewahi kuandikiwa. Nikasema hapana, majoka huuawa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akavuta karatasi, akaandika: Yah: Kuchoma nyumba za wananchi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa bahati mbaya, kitabu kilisema joka linajua kusoma. Nikarusha dadu nikiomba Mungu limmeze mpeleka barua, ikatoka namba ya juu kabisa. Joka likakubali kuhudhuria mkutano wa kijiji.

Nilikasirika, sitaficha. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba watu hawa wananiharibia nchi. Akaniuliza nchi ipi.

Fundi hakunisumbua kama wale wawili. Yeye alikuwa na jambo moja tu. Kitabu kilitaja nyumba tatu tupu chini ya mlima, na alitaka mpiga mishale wake apewe kipande cha ardhi pale, apande maharage na migomba. Upinde hakuugusa hata siku moja. Kila Jumamosi aliuliza kwa upole kama ombi lake limeingia kwenye ajenda.

Likaingia. Mwenye duka alikuwa mwenyekiti, nesi katibu, joka limejikunja huku mkia umebaki nje ya uwanja. Tulipofika ombi la ardhi, mwenyekiti akanyoosha kiganja kwa mzaha.

"Mwombaji, kitambulisho."

Tukacheka. Hata joka nililichekesha. Kisha mimi, kwa kuwa nakijua kitabu, nikafungua sura ya sheria na kusoma kwa sauti yangu ya darasani: mtu wa ng'ambo ya mto hatamiliki ardhi katika ufalme huu, hata kama amezaliwa humo.

Fundi alinitazama.

"Hata huku, mwalimu?"

Akachukua mkoba wake, akatuaga mmoja mmoja kwa heshima zote, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nesi hakukaa hata kwenye kiti.

"Hicho kitabu umekiandika wewe?"

"Hapana, mama."

"Kuna mkaguzi wa huo ufalme anakuja Kasulu?"

"Hapana."

"Sasa unamwogopa nani?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yule dada alikuja kwetu apumzike na kuitwa mtu wa ng'ambo, nami nikamsomea tena, kwa matamshi mazuri. Nikatoa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikaikata sheria nzima. Nilikuwa sijawahi kuchora ndani ya kitabu tangu nianze shule.

Mkutano ukaendelea. Haukuwa mwepesi. Nesi alihoji ukubwa wa shamba, mwenye duka akataka majirani watajwe: kaskazini mlima, kusini mhunzi, mashariki njia ya mbuzi, magharibi joka. Joka likaulizwa kama lina pingamizi. Sikurusha dadu. Nikasema halina, ila linaomba migomba isipandwe karibu sana na pango. Ikapigwa kura, mikono yote ikapanda juu. Nesi akaandika muhtasari kwenye karatasi ndefu, mahudhurio, ajenda na maazimio, mwenye duka akaugonga muhuri wa duka lake la vitenge, na mashahidi wakasaini chini.

Tukampelekea sote watatu. Alikuwa barazani kwake anashona sare za shule. Tulipiga makofi, tukasalimiana kwa utaratibu wote, na safari hii hata mimi sikuwa na haraka. Nesi akamkabidhi karatasi. Aliisoma kuanzia juu hadi chini, kidole kikifuata mistari.

"Huyu shahidi wa mwisho, mbona sahihi yake imeungua?"

"Ndivyo anavyosaini," nikamwambia. Nilikuwa nimetumia kiberiti.

Alicheka mpaka akashikilia cherehani. Kisha akavuta droo, akatoa bahasha ya plastiki: cheti chake cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mama yake, nakala za fomu, nakala za barua za kukumbushia, na nakala za barua za kukumbushia zile za kukumbushia. Akaiweka ya kwetu juu kabisa.

"Dada, usiichanganye na hizo," nesi akamwonya. "Wakiiona ofisini watasemaje?"

"Watataka nakala tatu," alisema, akifunga bahasha. "Acha ikae, mama. Katika makaratasi yote humu, hii ndiyo ya kwanza kunijibu."