Suruali ya Kapteni na Ngoma ya Mzee Exilien

Sidonie Bélizaire aliwafulia Wamarekani nguo mjini Cap-Haïtien, nchini Haiti, miaka kumi na tisa, na kwa maoni yake jeshi lisiloweza kunyoosha suruali zake lenyewe halikuwa na haki ya kwenda kunyoosha nchi za watu. Walikuja na manowari wakisema wanatuliza ghasia tu, hawakai. Wageni wa namna hiyo hata chumvi hawaombi, wanajichukulia.

Katika walivyochukua ilikuwamo ngoma ya baba yake, Mzee Exilien. Walisema ni ya kishetani. Siku moja Sidonie alipopeleka nguo kwa Kapteni Hollis aliikuta mlangoni, pamoja na shetani wake, imepinduliwa ngozi chini na kujazwa miamvuli. Alikabidhi nguo, akapokea ujira wake, akaondoka. Enzi hizo aliyesema kitu kesho yake alikuwa barabarani anavunja mawe.

Sasa mzee alikuwa na miezi saba kitandani na alikataa kufa.

"Sifi bila ngoma yangu," alisema kila asubuhi, kisha akadai kahawa. Padri alishakuja mara mbili na mafuta yake akarudi nayo. Watu walicheka. Sidonie hakucheka, maana aliona mbavu za baba yake na alijua kukataa kwake kuna mwisho.

Agosti 1934 habari zikafika kwamba wakubwa wa Washington wamechoka kupeleka askari kwa majirani, sasa watapeleka mabalozi. Eti ujirani mwema! Kapteni aliamriwa asimguse raia hata kwa kidole, na siku ya kuondoka ashushe bendera mbele ya balozi akiwa na sare nyeupe.

Sare nyeupe ilikuwa kwa Sidonie, naye hakuipeleka.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Kapteni akapanda mwenyewe hadi kwa Sidonie kilimani, bila bunduki, akasukuma lango.

"Rudi nje!" Sidonie alifoka. "Miaka kumi na tisa hujajua kubisha mlango wa mtu?"

Kapteni alirudi, uso umemwiva. Aliijua hodi ya nchi ile, ila hakuwahi kuitamka.

"Heshima!" aliita.

Sidonie aliendelea kukunja shuka. Majirani walishajaa uani.

"Heshima!"

"Adabu!" Sidonie akaitikia, kama mwenye nyumba anavyopaswa. "Karibu, Kapteni. Kaa."

"Mama, nataka sare yangu."

"Ina wanga, haijakauka."

"Na jua lote hili?"

"Ndiyo jua letu, Kapteni. Nalo lina mambo yake."

"Zamani ningetuma askari wanne."

"Si uwatume?"

Kapteni akatazama kofia yake. "Unataka nini?"

"Wewe una ngoma yetu, mimi nina suruali yako. Na balozi sijui atakuonaje na chupi."

"Mwambie alete na mwamvuli mmoja!" Mzee Exilien alipaza sauti kutoka ndani. "Paa linavuja!"

Kapteni aliileta ngoma mwenyewe, begani, akipita katikati ya watu waliokuwa wakicheka bila kujificha. Mwamvuli pia alileta.

Asubuhi bendera ilishuka. Sidonie alikuwa ameitia ile sare wanga mara tatu, kola imekuwa ubao. Ngoma ilipoanza kulia kilimani kila mtu aligeuka, balozi naye, isipokuwa Kapteni, ambaye shingo yake haikuweza kugeuka.

Mzee Exilien, ameegemezwa ukutani, alipiga mpaka moshi wa manowari ukapotea baharini. Kisha akaishika ngozi kwa viganja. Sidonie alipiga magoti kando yake, machozi yakimtiririka, akingoja.

"Wameiozesha kwa maji ya miamvuli yao," mzee alisema. "Inalia kama sufuria."

"Lakini umeipiga, baba. Pumzika sasa."

"Nife na ngozi hii? Wewe mtoto, una akili kweli? Nenda kanitafutie mbuzi."

Sidonie akafuta machozi kwa kitambaa cha kiunoni, akaenda kutafuta mbuzi.