Makomamanga ya Hadicha

Wifi yangu Sanobar alikuwa mshonaji balaa. Mji wetu wa Nurota mzima hakuna aliyemfikia kwa sindano. Lakini kasoro haivumilii, jamani! Ukimpelekea kazi iliyopinda kidogo tu, anaifumua mbele ya macho yako.

Suzani, lile tandiko la bibi harusi la kutariziwa, kwetu haishonwi na mtu mmoja. Kitambaa huchorwa maua kikiwa kizima, kisha hutenganishwa vipande, kila mwanamke akaenda na chake nyumbani. Siku ya kuviunga ndipo huonekana nani alivuta uzi na nani alilegeza. Katika ile ya harusi ya Hadicha, mdogo wake Sanobar, kipande kimoja alikishona bibi harusi mwenyewe, huku anapiga soga na kucheka. Makomamanga aliyoyatarizi yakagoma kukutana na ya wenzake.

"We umeshona kwa miguu?" Sanobar akamuuliza.

"Kwa miguu, dada. Mikono ilikuwa inakula zabibu."

Mwaka uliofuata Hadicha alifariki akijifungua, na suzani ikarudi kwetu. Ilikaa sandukuni miaka thelathini.

Mwaka jana akaja Bi Dilorom, wa jumba la makumbusho la Tashkenti. Alipotandaziwa suzani aliinama kuitazama kwa karibu. "Hii ni sanaa, mama," akasema. "Jumamosi nakuja kuichukua."

Alipotoka tu, Sanobar akaanza. "Sanaa gani, na makomamanga yamepinda hivi? Watu wa Tashkenti watanicheka. Wifi, lete mkasi!"

Nami, mjinga mkubwa, nikauleta. Tulikifumua kipande cha Hadicha chote, naye akakishona upya kwa siku nne, hata kula hali. Kikanyooka. Nikamsifu sana, Mungu anisamehe.

Jumamosi Bi Dilorom alipitisha kidole kwenye maungio, akarudia tena.

"Hapa palikuwa na mkono mwingine," akasema. "Wa mtu mwenye raha zake. Huo ndio niliokuja kuuchukua."

Sanobar alinigeukia mimi.

"Wifi, zile nyuzi tulizofumua ziko wapi?"

Nilikuwa nimezifagia Alhamisi na takataka nyingine, nikawashia tanuri. Mkate wenyewe tulishaula. Nikamwambia hivyo hivyo, maana ningesema nini?

Akakaa chini palepale mlangoni, akaanza kumlilia Hadicha kama amefariki asubuhi ile.