Picha ya Mama na Mkwe kwa Ajili ya Viza

Mume wangu ni Mlebanoni. Aliletwa Nairobi kufunga mashine mpya katika kiwanda kimoja cha plastiki pale Baba Dogo, akiwa na nia ya kumaliza kazi arudi kwao. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Kila alipokosa skrubu alikuja dirishani kwangu, na baada ya muda nikagundua kwamba hakuna mashine duniani inayokula skrubu kiasi kile.

Tulioana mbele ya msajili wa ndoa, mchungaji wetu wa Kariobangi akatuombea, tukapanga nyumba mtaa wa Lucky Summer. Kiswahili alikuwa amekiokota kwa mafundi wenzake, kwa hivyo alijua kusalimia "niaje, buda", yaani habari, mzee, kabla hajajua kuuliza bei ya nyanya.

Kitu kimoja kilimsumbua sana mwanzoni. Sisi ni Waluhya, na kwetu mama mzazi wa mke na mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono. Hawaketi karibu. Mkwe akila sebuleni, mama yuko jikoni. Mara ya kwanza nilipompeleka kwa mama, Kariobangi, alinyoosha mkono kwa furaha, mama akaruka nyuma kama aliyeona nyoka, akamsalimia akiwa nyuma ya pazia.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Mama yako ananichukia?"

"Anakupenda," nikamwambia. "Ndiyo maana anakukimbia."

Ilimchukua muda kuelewa, lakini alipoelewa alishika adabu hiyo kuliko hata kaka zangu waliooa. Akisikia sauti ya mama ngazini, alikuwa anahama kiti mwenyewe.

Mkataba wake wa kiwandani ulipokaribia kwisha, tukaanza kufikiria kuhama. Kwao Lebanoni kazi zilikuwa zimekuwa ngumu, na dada yake alikuwa Kanada tayari, akitupigia simu kila Jumapili kutuonyesha theluji. Tukaenda kwa rafiki yangu, Mkamba mmoja mchangamfu mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko la Kariobangi, ambaye alikuwa amewajazia watu wengi maombi ya viza. Akatuwekea viti, akatueleza njia moja moja.

Viza ya matembezi ingetufikisha, lakini haituruhusu kufanya kazi. Viza ya masomo ilimtaka mume wangu arudi darasani, naye akasema darasa na yeye waliagana kwa amani na hataki kulianzisha tena. Tukauliza kama dada yake angeweza kutuita.

"Angekuwa mke wake, sawa. Dada kumwita kaka yake mtu mzima, hapana," rafiki yangu akasema. "Lakini huyu ni fundi. Aombe kama fundi, na wewe uende kama mke wake."

Basi tukashika njia ya ufundi. Vyeti vyake vya chuo vilipelekwa kukaguliwa ili Kanada wavikubali. Akafanya mtihani wa Kiingereza, na alipotoka alikuwa amejishika kichwa. Walipomwambia aeleze mahali anapoishi, alianza vizuri, kisha ulimi ukateleza akasema watu wa mtaa wetu "wanahaso sana," yaani wanahangaika kutafuta riziki. Msimamizi alimtazama kidogo, akaandika kitu. Hata hivyo alipita, na mpaka leo anaamini neno hilo ndilo lililomwokoa.

Tukaenda kuchukua vyeti vya mwenendo mwema, chake na changu, vya polisi wa Kenya. Cha Lebanoni kilishughulikiwa na mama yake kule Tripoli, ile ya Lebanoni, pamoja na karatasi inayoonyesha hali yake ya familia. Vyote vilikuwa kwa Kiarabu, vikatafsiriwa na mfasiri aliyeidhinishwa. Tuliposomewa tafsiri, tukakuta kwamba huyu mwanamume niliyekuwa nikimfulia soksi alikuwa, kwa mujibu wa serikali yake, bado hajaoa.

"Hajaoa?" mama aliuliza nilipompigia. "Na wewe ni nani kwake? Mpangaji?"

Nilimweleza kwamba ndoa ya Nairobi haijisajili yenyewe Lebanoni. Mtu lazima apeleke cheti kwa wawakilishi wa nchi yake, wakitume nyumbani kiandikwe. Tulikuwa hatujui. Tukapeleka, tukasubiri, karatasi mpya ikaja ikiwa na jina langu limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mume wangu alinionyesha lilipo, nikalitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa zuri kuliko nilivyozoea kuliandika mimi.

Lakini ndoa iliyosajiliwa juzi, katikati ya maombi ya viza, huwafanya watu wa uhamiaji wa Kanada wakune vichwa. Tukatumiwa ujumbe: tulete ushahidi zaidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli, kisha tuje kuhojiwa.

Nikakusanya picha zote, nikazipeleka saiba. Rafiki yangu akazifungua kwenye kompyuta, akawa anazipitisha polepole huku uso wake ukibadilika.

"Nikuulize," akasema. "Mama yako hakuitaka hii ndoa?"

"Nani amesema?"

"Picha zinasema. Tazama. Hapa kanisani, mama yuko kule mwisho wa benchi. Hapa Krismasi, amempa mumeo mgongo. Hii ya harusi, mama ni kile kitambaa cha kichwa kinachoonekana dirishani."

Nikaangalia, na kweli. Ungedhani tumemfunga kamba kumleta. Kama Mkamba tuliyekua naye ploti moja hakuielewa heshima yetu, ofisa wa Kanada angeielewaje?

Nilikwenda kwa mama siku hiyo hiyo. Alikuwa akipanga nguo za mitumba. Nilipomwambia tunahitaji picha yake na mkwe wake, wamesimama pamoja, aliketi juu ya furushi.

"Pamoja vipi?"

"Karibu karibu, mama."

Akachukua simu. Alimpigia shangazi yangu kule Kakamega, wakazungumza Kiluhya kwa sauti ya chini kama wanaopanga mazishi. Mwishowe shangazi akasema kwa nguvu hata mimi nikasikia: "Si ni serikali imeitisha? Simama naye, lakini usimguse!"

Jumamosi tukaingia studio ya picha. Mama alivaa gauni lake la kitenge la sherehe. Mume wangu alikuwa na suti, na jasho. Mpiga picha akawaambia wasogeleane. Mama akasogea hatua ya kuku. Mume wangu akasogea, kisha kwa mazoea akarudi nyuma.

"Buda, ingia ndani ya picha!" mpiga picha akalalamika. "Mnaogopana nini?"

"Tunaheshimiana," mume wangu akamjibu kwa Kiswahili, amekauka kama mlingoti.

Hapo mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mume wangu naye akashindwa kujizuia, na mpiga picha, aliyekuwa na akili, akabonyeza. Katika picha ile mama amefunga macho, mume wangu amefungua mdomo wote, na kati yao kuna nafasi ya mtu mmoja mnene.

Siku ya mahojiano tulitenganishwa. Ofisa, mama wa makamo mwenye miwani, alizipanga picha mezani akaniuliza swali lile lile la saiba. Nikamweleza desturi yetu tangu mwanzo. Akaniambia nikangoje nje, akamwita mume wangu.

Alipotoka nilimdaka mkono. "Amekuuliza nini?"

"Ameniuliza mama yako ni mtu wa namna gani. Nikamwambia sijui sura yake vizuri, lakini najua akipika samaki ananiwekea kichwa, na nikiugua anatuma uji. Nikamwambia sijawahi kumshika mkono na sitamshika. Akacheka, akanionyesha ile picha ya studio, akasema hii ndiyo imemwonyesha familia."

Tulichukuliwa alama za vidole, tukapimwa na daktari waliyetuelekeza, kisha tukarudi kuishi. Jibu lilikuja nikiwa naanika nguo. Mume wangu alipanda ngazi akipiga kelele kwa Kiarabu, majirani wakatoka wakidhani kuna moto, na walipoelewa, wakaanza kupiga vigelegele kabla yangu.

Sasa tuko Montreal. Yeye anatengeneza mashine za kiwanda cha mikate, mimi najifunza Kifaransa na wanawake wa kutoka kila pembe, na mwalimu wetu anasema matamshi yangu yana matumaini. Baridi ni kali, lakini nyumba ina joto. Jana tulinunua jaketi la ziada, la mgeni, kwa sababu tumeanza kumwombea mama viza ya matembezi.