Homa ya Mama Anaeli

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu wa wodi ya wanawake alinitazama viatu kwanza, kisha uso. "Binti," akasema, "hapa mgonjwa husalimiwa kabla ya kupimwa." Ndivyo nilivyoanza unesi Arusha. Nilipitia wodi ya watoto, chumba cha upasuaji, zahanati kule Themi, kisha nikarudishwa wodi ya wanawake kuongoza zamu. Wakati huo soko huria lilikuwa limeingia, na maduka ya dawa ya watu binafsi yanachipuka mjini.

Hapo ndipo alipoletwa Mama Anaeli, mkulima wa Nduruma. Kinga ya mwili wake, wale walinzi wanaopigana na vijidudu, ilikuwa imeyageukia macho yake mwenyewe, na alikuwa anaelekea upofu. Daktari Bingwa alimwandikia azathioprini, dawa ya kuipunguza nguvu kinga hiyo, na mumewe akawa anainunua duka la mjini. Macho yakaanza kutulia. Kisha ikaja homa: baridi, kutetemeka, shuka zinalowa jasho.

Tuliogopa. Aliyepunguziwa kinga akipata maambukizi, humuua upesi. Damu ilipimwa, malaria hakuna. Kifua safi. Akapewa kwinini hata hivyo, na sindano za antibayotiki. Kipimo cha Ukimwi nacho hakikuonyesha kitu, lakini nani aliamini miaka ile? Mawifi zake waliacha kuja kumwona.

"Sista, niambie ukweli," alinishika mkono. "Ninao huo ugonjwa?"

"Huna, mama."

"Basi mbona ninakufa?"

Nikampangusa jasho.

Baadaye ile dawa ya macho iliadimika dukani. Mzigo ulikwama mpakani Namanga. Homa ikashuka, Mama Anaeli akala, akataniana na wenzake. Sote tuliisifu kwinini. Mzigo ulipofika alimeza dawa ile asubuhi, na mchana akawa anatetemeka tena kama mwanzo.

Daktari Bingwa alifika na kusimama miguuni pa kitanda. "Zile siku ulizopata nafuu, ulikuwa unameza nini?"

Mumewe ndiye aliyejibu. "Za sindano na kwinini tu, daktari. Zile za macho zilikuwa zimekwisha."

Daktari akaketi kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, hii homa inatoka kwenye dawa yenyewe. Mwili wako hauitaki. Usiimeze tena maisha yako yote."

"Na macho yangu?"

"Tutayatibu kwa dawa nyingine, prednisoloni. Tutayaangalia kila wiki."

Baba Anaeli alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia huku anacheka. Homa iliondoka na haikurudi. Tulibaki na wasiwasi wa macho, lakini wiki zilipita na yakashikilia. Mawifi walikuja siku ya kuruhusiwa, wameinamisha vichwa. "Karibuni," akawaambia, "nisaidieni kubeba mizigo."

Sasa nimestaafu, niko Lemara, magoti yanauma. Nimewafunika wengi shuka usoni katika kazi ile, na siwasahau. Lakini wajukuu wakiniuliza kama ningechagua unesi tena, humkumbuka Mama Anaeli akishuka ngazi za wodi bila kushikwa na mtu, mumewe anamhimiza wawahi gari.

"Subiri kwanza," alimwambia. "Nitazame mlima."