Kahawa ya Mjane

Mimi ni mwanamke mwenye wivu na sijawahi kuuficha. Wenzangu pale kijijini Izigo walikuwa na wivu wa kusengenya. Wangu ulikuwa wa kunusa. Mume wangu akiingia tu mlangoni, pua yangu ilikuwa imeshafika shingoni kwake.

Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Amini, silimu, ndivyo tulivyouita Ukimwi, ilipokuwa ikipita nyumba hadi nyumba, na katikati ya migomba ya kila familia kukawa na kaburi bichi. Kaka wa mume wangu, aliyekuwa akivuka mpaka wa Mutukula na biashara zake, tulimzika wakati wa masika. Mjane wake akabaki na watoto watatu, jirani yetu kabisa.

Basi kila jioni mume wangu akawa anabeba panga na kwenda kule. "Napogoa migomba," alisema. Migomba gani hiyo isiyokwisha majani makavu? Yetu sisi ilikuwa imevaa matambara. Na akirudi alikuwa anatafuna kahawa. Kwetu kahawa iliyochemshwa na kukaushwa haiokotwi njiani: huletwa katika kikapu kidogo, mwenyeji akakukaribisha kwa mkono wake, mkatafuna pamoja. Mimi nilikuwa nasikia harufu ile na kukiona kikapu, na mkono wa yule mwanamke. Alikuwa na mikono mizuri. Kufiwa hakukumharibu hata kidogo, na kwa hilo pia nilimchukia.

Desturi ya kumrithi mjane ilikuwepo katika ukoo wao. Nilijua kwamba akimrithi, ugonjwa ungeweza kuletwa mpaka kitandani kwangu. Lakini nitasema kweli: siku nyingi sikukiwaza kifo. Niliwaza kikapu.

Siku moja nikafunga nguo zangu kwenye kitenge, nirudi kwetu Kagoma. Nilitaka anifuate na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama inavyopasa, aombe radhi mbele ya baba yangu nami nimwangalie anavyojikunja. Akanikuta njia panda, mikono mitupu. Akaniambia kuna mama mshauri parokiani. Twende kwanza kwake, kisha niende zangu nikitaka.

Mama huyo alikuwa muuguzi mstaafu wa Bukoba mjini, aliyefunzwa kuzungumza na watu wa ndoa waliopatwa na msiba. Nilimsomea makosa yote ya mume wangu, moja baada ya jingine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Waitu mwanangu, hayo ni ya kwake. Wewe unaumia wapi?"

"Siumii. Nimekasirika."

"Hasira imesimama mlangoni. Ndani kuna nani?"

Nilipofungua mdomo, akainua kiganja. "Usiniambie mimi. Geuka, mwambie yeye."

Mawe, mama yangu! Nililelewa kutomkazia mume macho, na miaka yote ya ndoa nilikuwa nagombana na vifungo vya shati lake. Niligeuka. Sauti iliyotoka sikuitambua. "Naogopa umeshahamia kule. Kwangu unaleta miguu tu."

"Baba, usijitetee kwanza," mama alisema. "Mwambie ulichosikia."

"Nimesikia anaogopa kwamba nimemwacha." Akanigeukia. "Yule hunipa kahawa uani, watoto wakiwepo, kwa sababu kwake mimi ni mgeni. Mwenye nyumba hukaribishwa kahawa na nani?"

Mwanamke wa Kihaya gani hajui kwamba kikapu cha kahawa huletewa mgeni, si mume? Wivu ulikuwa umenifanya mjinga wa mila yangu mwenyewe. Nilisikia aibu, ila sikuwa tayari kushindwa. "Basi unafuata nini kila siku?"

Tulirudi kwa mama yule Jumanne nyingi baadaye, na ni yeye aliyetufundisha kuambiana mambo. Lakini hakuna siku iliyokuwa ngumu kama ile ya kwanza, mume wangu alipoitazama sakafu, akaambiwa tena, "Mwambie yeye."

"Wazee walitaka nimrithi, nikakataa. Sikukwambia, maana ningelazimika kukwambia na hili jingine. Kabla sijakuoa nilikuwa nikiishi na kaka huko mpakani. Maisha aliyoishi yeye, na mimi niliishi. Naogopa ninao ugonjwa ule. Majirani wamemkimbia mke wake, hata moto hawaombi kwake. Naenda kila jioni ili wanione, wazoee, ili siku yako ya ujane ikifika asikosekane mtu wa kukupogolea migomba."

Akalia. Mazikoni kwa kaka yake hakulia.

Ningependa kusema wivu wangu ulikwisha palepale. Hapana. Nilimwonea yule mjane wivu kuliko siku zote: msiba wake ulikuwa umeshapita. Wangu ulikuwa umeketi mbele yangu, nimeushika mkono.