Herufi Zilizopotea Makambako

Nilipoandika programu ya kubonyeza vitufe vya kibodi bila kidole, nilijiona fundi wa mafundi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa milango, Makambako malori hayakauki, na tajiri wangu wa usafirishaji alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika kutoka Dar. Kila asubuhi nilichapa majina ya wateja walewale kwenye hati za mizigo hadi nikachoka, ndipo nikaifundisha mashine ijichapie yenyewe.

Ikajichapia upuuzi. Majina yalikatwa mwanzo, na viazi vya Njombe vikaandikwa mahali pa jina la mtu. Nikichapa kwa mkono, kila kitu sawa. Programu ikichapa, herufi za kwanza zinayeyuka. Tajiri akasema, wala hakupandisha sauti, "Binti, lori linarudi Dar baada ya alasiri. Kama hujaitengeneza, mashine inapanda, nawe unaenda kupumzika kwenu."

Kupumzika! Mimi niliyeringia kijiji kizima kwamba nafanya kazi ya kompyuta! Nikawaka, nikaitukana kibodi isiyo na kosa.

Mchana mama yangu akaingia ofisini, ametoka Njombe. Sikumtazama. "Umepanda gari gani? Umekula? Kapuni kuna nini?"

Alisimama tu mlangoni mpaka nikageuka.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, mama."

Akaulizia usingizi wangu, afya, kazi, taratibu kama desturi yetu Wabena, nami nikaitikia moja moja. Ndipo akakaa. "Haya, sasa uliza."

Ikabidi niulize upya, maana yale ya kwanza hayakuwa na wa kuyapokea. Hapohapo nikaruka kitini. Programu yangu ilikuwa inamwaga herufi kabla fomu ya hati haijafunguka kwenye skrini! Mimi na vidole vyangu vizito nilikuwa naingoja bila kujua. Nikaongeza amri moja: tazama skrini kwanza, neno "Mtumaji" likitokea ndipo ubonyeze.

Tajiri akatoka msikitini na makuli wawili wa kuibeba mashine. Nikaianzisha programu, nikaweka mikono mgongoni. Majina yakajipanga yote, kamili, kibodi haijaguswa. Tajiri akainama akachungulia chini ya meza. Kisha akaenda mlangoni, akamwita dereva.

"Ile nafasi ya kompyuta, pakia viazi."

Machozi yakanitoka palepale. Mama akaniuliza ni viazi vya nani hivyo, hata nilie kiasi kile.